Ukanda wa Saa: Shajara ya Mradi wa Dripu Wodini

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Mradi umepitishwa. Kila mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho anatakiwa achague jambo moja dogo wodini, alifuatilie muda wote wa mafunzo ya kliniki, kisha aandike ripoti. Wenzangu wengi wamechukua kunawa mikono, na siwalaumu: bango lipo, hatua zipo, na hakuna mwalimu atakayekataa. Mimi nimechukua dripu. Swali langu ni fupi: chupa iliyoandikiwa iishe kwa saa sita, huisha kwa saa sita kweli?

Wodi ni ya wanaume, magonjwa ya ndani, katika hospitali ya umma hapa Nairobi. Pampu za dripu ni chache na zote ziko upande wa wagonjwa mahututi. Kwingine maji hushuka kwa uzito wake yenyewe, na kasi hupangwa kwa kile kigurudumu kidogo kinachobana mrija. Muuguzi anakizungusha, anatazama saa, anahesabu matone dakika nzima, anakizungusha tena mpaka idadi ikae sawa. Halafu anaitwa kitanda kingine.

Kwa wasio wa fani, hesabu ni hii. Mrija wa kawaida unaotumika hapa hutoa mililita moja kwa matone 20. Mililita 500 kwa saa sita ni kama mililita 83 kwa saa, yaani matone 28 kwa dakika. Kuna njia ya mkato tunayopenda sana siku za mtihani: kwa mrija wa matone 20, chukua mililita za saa moja ugawanye kwa tatu, kwa mrija wa matone 15, gawanya kwa nne, kwa mrija mdogo wa matone 60 usigawanye chochote, kwa kuwa mililita kwa saa ndiyo matone kwa dakika.

Ninachotaka kujaribu si uvumbuzi wangu. Ni ukanda wa plasta unaobandikwa wima kwenye chupa, kando ya mistari ya vipimo, ukiandikwa saa ya kuanza juu kabisa, halafu saa inayofuata pale maji yanapotakiwa kuwa wakati huo, hivyo hivyo hadi chini. Mtu anatupa jicho mara moja: saa ni nane, maji yako kwenye alama ya saa tisa, basi yanakimbia. Haihitaji umeme wala kikokotoo. Iko kwenye vitabu vya uuguzi. Wodini sijawahi kuiona.

Jumatano

Leo nimetazama tu, sijagusa kitu. Kila saa ilipogonga nilipita kitanda hadi kitanda na daftari, nikaandika maji yalipo na yalipotakiwa kuwa.

Nilitarajia nikute dripu zinazokimbia. Nimekuta zilizosimama ni nyingi kuliko zinazokimbia, na hizo hazimshtui mtu kwa sababu chupa iliyojaa haipigi kelele. Chupa iliyotundikwa alfajiri, saa sita mchana bado iko nusu na zaidi. Chati inasema mgonjwa amepata maji yake yote. Figo zake zina habari tofauti.

Sababu nilizoziona kwa macho:

Kanula, yaani kile kijirija kinachoingia kwenye mshipa, iliyowekwa kwenye kiwiko. Mgonjwa akikunja mkono kushika kikombe cha uji, matone yanakoma, akiunyoosha, yanarudi. Kwenye mkono wa mbele, chini ya kiwiko, dripu hutembea vizuri. Lakini mshipa wa kiwiko ndio unaoonekana haraka, na usiku wa manane wodi ikijaa mtu huchukua anachokiona.

Kimo cha chupa. Stendi hazitoshi, kwa hiyo chupa nyingine zimening'inia kwenye ndoano za neti au kwenye msumari wa dirisha. Mgonjwa akilala, tofauti ya kimo ni kubwa na maji yanashuka kwa nguvu. Akikaa, mkono unapanda, tofauti inapungua, kasi inashuka. Akienda msalani ameishika chupa mkononi chini ya kifua, damu inapanda kwenye mrija, na akirudi kanula imeziba.

Namba ya mrija. Idadi ya matone kwa mililita huchapishwa kwenye pakiti. Pakiti hutupwa mara mrija unapofunguliwa, na mwenye zamu inayofuata anahesabu kwa kudhani. Mara nyingi dhana ni sahihi. Sehemu hii imenisumbua kuliko zote, kwa sababu mirija ya matone 15 na ya matone 20 hutaitofautisha kwa kuitazama.

Ijumaa

Nimeonana na msimamizi wa wodi, ambaye sote tunamwita Incharji. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza faida. Hakutaka faida.

“Plasta inatoka wapi?”

“Nitanunua mwenyewe, Sista, kwa majaribio.”

“Na ukiondoka?”

Sikuwa na jibu na aliliona hilo. Alinipa ruhusa, lakini kwa masharti. Kwanza, hakuna kuandika kwa kalamu ya wino moja kwa moja kwenye plastiki ya chupa, plasta tu. Pili, ukanda haufuti kazi ya kuhesabu matone. Anayebandika bila kuhesabu amepamba chupa. Tatu, hakuna fomu mpya. “Hapa kuna fomu ya kila kitu. Ukiniletea nyingine nitaifungia maandazi.” Nne, nisibandike kitu kwa mgonjwa yeyote bila muuguzi mwenye kitanda hicho kujua.

Sharti la tatu ndilo zuri zaidi. Mradi usio na fomu unalazimika kufanya kazi wenyewe.

Wiki ya pili, Jumatatu

Nimeanza na upande wa dirishani, vitanda vya mwisho, kwa kuwa muuguzi wa upande huo anavumilia wanafunzi. Tuko wengi: vyuo zaidi ya kimoja vinaleta watu wodi hii, na asubuhi ya raundi koti jeupe unalolikanyaga huenda likawa la mwenzako. Mwanafunzi mmoja kutoka chuo kingine ameingia kwenye mradi. Ana mkono mzuri wa kuandika namba ndogo, nami sina.

Mambo ya vitendo:

Plasta ya karatasi inaandikika vizuri lakini chupa ikitoka jasho inabanduka. Plasta ya kitambaa inashika, ila wino unasambaa. Tumeenda na ya kitambaa na kalamu yenye ncha ngumu, na tunaandika kabla ya kubandika, si baada.

Ukanda hauanzi kwenye 500. Mrija ukishajazwa maji ili kutoa hewa, kiwango kimeshuka kidogo. Alama ya kwanza inawekwa pale maji yalipo dripu inapofunguliwa, na jicho liwe usawa wa maji. Ukitazama kutoka chini unadanganyika.

Chati ya hospitali hutumia saa za tarakimu nne, saa mbili usiku ni 2000. Kwenye ukanda tumeandika kama uso wa saa ulivyo, 8, 9, 10, ili mgonjwa naye aweze kusoma akitazama ukutani. Hapo tukagundua saa ya ukutani imekufa, na hakuna aliyekumbuka tangu lini. Betri ya kwanza ya mradi imenunuliwa kwa mchuuzi wa Tom Mboya Street, pamoja na saa ya mkono yenye mshale wa sekunde. Nashauri kila anayekwenda kliniki awe nayo. Simu inatoa wakati, kweli, lakini ukiitoa mfukoni mbele ya mgonjwa anadhani unajibu ujumbe, na mwalimu anadhani hivyo hivyo.

Tumetengeneza pia kadi ndogo ya kuning'inia kwenye toroli ya dawa: mililita 500 kwa mrija wa 20. Saa 4, matone 42. Saa 6, 28. Saa 8, 21. Saa 12, 14. Saa 24, 7. Nyuma ya kadi kuna kanuni yenyewe, kwa anayetaka kuhakiki. Muuguzi mmoja aliigeuza mara moja, akapiga hesabu kichwani, akairudisha bila neno. Nimechukulia kuwa tumefaulu.

Alhamisi

Mzee wa kitanda cha pembeni alikuwa dereva wa mabasi ya masafa marefu, Nairobi hadi Mombasa, enzi zile safari ilikula usiku mzima. Ana nimonia, anaendelea vizuri, na amechoka kulala. Aliniuliza ukanda ni wa nini. Nikamweleza. Akanyamaza, akaitazama chupa, akatazama ukutani.

“Kumbe ni geji ya mafuta.”

“Ndiyo, Mzee.”

“Basi hii inakunywa pole sana. Saa imefika tano, nayo bado iko nne.”

Kweli ilikuwa imesinzia. Mkono ulikuwa umekunjwa. Nikaunyoosha juu ya mto, tukahesabu matone pamoja, yeye kwa sauti. Tangu wakati huo hakuna dripu upande ule inayosimama bila mimi kuitwa. Anaita hata ya jirani. “Daktari! Namba tisa imelala!” Nimemwambia mara nyingi kuwa mimi si daktari. Anasema ananipandisha cheo mapema.

Sikuwa nimelipanga hili. Katika pendekezo la mradi niliandika kuwa wasomaji wa ukanda ni wauguzi na wanafunzi. Wagonjwa sikuwataja popote.

Ijumaa

Mwalimu wa kliniki amekuja kukagua vitabu vya vitendo. Nimesainiwa kuweka kanula na kutoa dawa kwa mshipa. Alipouliza kwa nini nimechagua kasi ya dripu, jambo ambalo kwake ni la mwaka wa kwanza, nilimtajia FEAST.

Nitaliandika hapa pia kwa sababu limetoka kwetu. Ulikuwa utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukachapishwa 2011, juu ya watoto zaidi ya 3,000 waliofikishwa hospitali wakiwa na homa kali na dalili za mzunguko wa damu uliodhoofika. Mwongozo wa dunia ulisema watoto kama hao wapewe maji mengi kwa mshipa, haraka. Walipolinganishwa, waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: kama asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakupewa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufika mwisho. Maji yaleyale, chupa ileile ya chumvi. Tofauti ilikuwa kiasi na kasi.

Wodi yangu ni ya watu wazima na ugonjwa ni mwingine, kwa hiyo sidai kuwa utafiti ule unanipa jibu. Unaniondolea tu ile dhana kwamba dripu ni “maji tu”. Mwalimu alisema, “Haya, endelea,” ambalo kwake ni neno kubwa.

Aliongeza habari moja ambayo sikuijua: mwaka 1832, wakati wa kipindupindu huko Leith, Scotland, daktari Thomas Latta ndiye aliyetia maji ya chumvi kwenye mishipa ya wagonjwa waliokuwa wanakata roho, na baadhi wakaketi na kuzungumza. Nilijiuliza aliyaratibu vipi bila kigurudumu.

Wiki ya tatu, zamu ya usiku

Naandika asubuhi, kabla ya matatu, macho yakiwa na mchanga.

Ripoti ya jioni ilipokelewa kitanda hadi kitanda. Muuguzi mmoja wa usiku kwa wodi nzima, na sisi wanafunzi. Ukanda ulikuwa kwenye chupa zote za upande wetu na chache za upande wa pili, ambako muuguzi mwenyewe aliomba.

Saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimekwisha, lakini kijana mmoja aliruhusiwa kubaki na baba yake, mzee aliyepatwa na kiharusi, asiyeweza kugeuka mwenyewe. Familia inasaidia kugeuza, na kusema kweli bila wao hatungeweza. Mzee alikuwa na historia ya shinikizo la damu na moyo uliochoka, ndiyo maana chupa yake iliandikwa saa 12, matone 14. Kwa jicho, matone 14 ni machache sana. Unangoja tone mpaka unadhani limesahau kushuka.

Nilipita kama saa nne usiku. Maji yalikuwa kwenye alama ya saa moja asubuhi.

Nilibana kigurudumu kabisa, nikamwita Sista wa zamu, nikainua kichwa cha kitanda. Tulipima: pumzi zaidi ya 20 kwa dakika, oksijeni bado nzuri, hakuna mlio wa maji kwenye mapafu. Daktari wa zamu alifika, akasikiliza kifua mwenyewe, akasema dripu isimame, mgonjwa aangaliwe kwa karibu, na mkojo upimwe kila saa. Mpaka alfajiri pumzi zilikuwa zimeshuka na mzee amelala.

Kijana alikuwa amesimama ukutani muda wote huo.

“Sista, ni mimi niliifungua. Niliona inashuka kidogo sana. Nikadhani imeziba.”

Sista hakumfokea. Alimletea kiti. “Kaa, mwanangu. Ulitaka baba apate maji.”

“Nilitaka amalize haraka. Asubuhi daktari akikuta amemaliza, labda atasema twende nyumbani.”

Hapo nilielewa jambo ambalo daftari langu la Jumatano ya kwanza halikuwa nalo. Kwa ndugu wa mgonjwa, chupa ni hesabu ya kurudi nyumbani. Kila siku kitandani ni bili, ni kazi ya kibarua iliyokosekana, ni nauli ya kwenda na kurudi. Chupa ikiisha wanaona kama wamevuka kituo. Mwenye fikra hiyo akiona tone moja kila sekunde nne, vidole vinamwasha.

Sista alimchukua hadi kwenye chupa, akamwonyesha ukanda. “Kila alama ina saa yake. Maji yakifika kwenye alama kabla ya saa yake, niite. Yakichelewa kufika, niite. Wewe usiguse gurudumu, wewe ni macho yangu.” Kijana alikaa macho hadi asubuhi. Dripu ilipofunguliwa tena, kwa amri ya daktari, alikuja kunitafuta sluisi, chumba cha kusafishia vyombo vya wagonjwa, kunijulisha kwamba iko sawa, hakuna tatizo, anasema tu.

Wiki ya tatu, Ijumaa

Tumeongeza kitu kimoja. Saa za kuona wagonjwa zikianza, mwanafunzi mmoja anapita upande mzima na maneno yasiyobadilika: chupa hii imepangwa kuisha saa fulani, ukanda huu unaonyesha maji yanapotakiwa kuwa, ukiona tofauti mwite muuguzi, usizungushe gurudumu, mkono ukivimba, ukiuma au ukiwa mwekundu penye kanula, mwite pia. Dakika moja kwa kila kitanda. Mama mmoja alinirudishia maneno yote kwa Kikamba kwa ajili ya mumewe, kisha akanisahihisha mimi saa ya kuisha. Alikuwa sahihi kuhusu kilichoandikwa. Chupa ilikuwa imebadilishwa na ukanda ulikuwa wa ile ya zamani. Aliyebadilisha aliuhamisha ukanda badala ya kuandika mpya, kwa nia njema, ili kuokoa plasta. Sasa ukanda una neno moja zaidi juu: tarehe.

Wiki ya nne, Jumanne

Plasta imeisha na hatujanunua nyingine kwa makusudi. Nilitaka kuona.

Upande wetu ulirudi ulivyokuwa ndani ya zamu moja. Isipokuwa kwa yule Mzee dereva, aliyeomba kalamu ya mwanafunzi akachora mistari yake kwenye kipande cha boksi la dawa na kukiegemeza kwenye stendi. Ameruhusiwa kwenda nyumbani leo. Boksi ameliacha.

Alhamisi

Mazungumzo marefu na muuguzi wa siku nyingi, anayekaribia kustaafu, ambaye kwa wiki tatu alikuwa ananipita bila kusema kitu. Kumbe alikuwa anaangalia.

“Hizi tulibandika tukiwa wanafunzi,” alisema. “Zilipotea wodi zilipojaa. Mgonjwa mmoja unamwandikia. Wagonjwa wakiwa wengi hivi, unaandika nini, unaacha nini?”

Kisha akanifundisha kitu ambacho hakimo kwenye kitabu nilichosoma. Chupa za plastiki laini hubonyea kadiri zinavyotoka maji. Ikibonyea, kiwango cha maji hakishuki kama kilichotoka. Ukanda unasema mgonjwa amepata kidogo kuliko alivyopata. Juu ya chupa ukanda ni mwaminifu, chini unaanza kusema uongo. Wapo wanaochoma sindano kwenye chupa ili hewa iingie. Alilitaja hilo kwa uso wa mtu aliyeonja shubiri, maana sindano hiyo ni mlango wa vijidudu. Dawa yake ni kutumia mrija wenye tundu la hewa lenye kichujio pale unapopatikana, na kutouamini ukanda kwenye robo ya mwisho: hapo rudi kwenye kuhesabu matone.

Nilimuuliza ni wagonjwa gani angewabandikia, kama angeweza kuwabandikia wachache tu. Alijibu bila kufikiri: wazee wenye moyo au figo, wenye kisukari kilichopanda wakaletwa wamekauka, mwenye potasiamu ndani ya chupa, na yeyote asiyeweza kusema. “Anayeweza kulalamika atalalamika.”

Nimefuta nusu ya mpango wangu kwa jibu hilo, na sijuti. Nilikuwa nalenga kila chupa ya kila kitanda. Hilo linawezekana mwanafunzi akiwepo na plasta mpya mfukoni, na haliwezekani siku nyingine yoyote.

Wiki ya tano, Jumatatu

Toleo jipya. Ukanda kwa makundi hayo manne tu, wodi nzima, pande zote mbili. Anayetundika chupa ndiye anayebandika. Katika ripoti ya kubadilishana zamu, anayekabidhi na anayepokea wanasoma ukanda pamoja: “Saa moja, maji yako kwenye alama ya saa moja.” Pakiti ya mrija haitupwi mpaka namba yake iandikwe kwenye ukanda, 15 au 20. Nililipigania hili la mwisho na Incharji alilikubali mara moja, haraka kuliko nilivyotarajia.

Plasta: amekubali ikae kwenye toroli ya dawa, iliyokatwa tayari. Tulikaa na mwenzangu jioni tukakata vipande, tukavibandika kwenye karatasi ngumu ya faili kuukuu, vinabanduka vizuri. Kazi ya kuchosha. Tulikuwa tunasikiliza mpira kwenye redio ya askari wa getini.

Jumatano

Raundi ya leo mtaalamu mkuu alisimama kitandani akasoma ukanda kabla ya kufungua faili. Hakusema kitu. Intani, daktari aliye mafunzoni, aliyekuwa nyuma yake alisoma pia, basi na wote wakasoma.

Ijumaa

Usiku bado ndio tatizo. Mchana ukanda unabandikwa kwa wengi wanaostahili. Usiku, chupa ya pili ikitundikwa, mara nyingi haina ukanda, na sababu si uvivu: ni mtu mmoja, na kanula iliyoziba, na mgonjwa anayetapika, na simu ya maabara, kwa wakati mmoja. Nimejaribu kuandika kanda za usiku mapema, mchana, kwa saa zinazokadiriwa. Haifai. Chupa haianzi saa uliyokadiria, na ukanda wenye saa isiyo sahihi ni mbaya kuliko kutokuwa na ukanda.

Wazo la mwenzangu: kanda zisizo na saa, zenye migao tu, moja hadi sita, au moja hadi kumi na mbili kulingana na muda. Muuguzi anaandika saa ya kuanza peke yake juu. Msomaji anajumlisha. Tumejaribu, inachukua sekunde chache. Ni ngumu kidogo kwa ndugu wa wagonjwa kusoma. Kwa usiku, naona inatosha.

Wiki ya sita, Alhamisi

Siku ya mwisho kwangu wodi hii. Jumatatu nahamia uzazi.

Makabidhiano: kadi ya toroli imepakwa nailoni. Kanda za migao zimekatwa za kutosha kwa muda. Mwenzangu anabaki na atakuwa msimamizi wa plasta. Ripoti nitaiwasilisha chuoni ikiwa na sehemu ndefu juu ya usiku, ambako mradi haujashika, na juu ya ndugu wa wagonjwa, ambako umeshika zaidi ya nilivyotarajia.

Wakati wa kuaga Incharji aliuliza kama ukanda huu unaweza kuwekwa kwenye damu, kwa kuwa mfuko wa damu lazima uwe umeisha ndani ya saa nne tangu uanze. Nilimwambia hapana: mfuko wa damu ni laini kuliko chupa, unajikunja tangu mwanzo, kiwango chake hakisomeki hivyo. Kwa damu ni saa ya kuanza na saa ya mwisho, zimeandikwa kubwa, na mtu wa kukaa karibu dakika 15 za kwanza.

“Basi liandike hilo kwenye kadi,” alisema, “kabla mtu mwerevu hajalijaribu.”

Nimeliandika nyuma, chini ya kanuni.